Kichwa Chini, Mwamu

Mwamu,

Nakuandikia nikiwa nimekereka. Unisamehe kuanza hivyo, kwa maana mtu aliyelala ulipolala wewe alistahili kuanziwa kwa dua. Dua nimekusomea, na nitaendelea kukusomea maadamu ulimi unatii. Hii si dua. Haya ni mambo ambayo nimeyasema kwa walio hai, kwa sauti, mchana, nao wakakataa kuniamini. Umebaki wewe.

Kwanza hali yangu. Daktari asema moyo umechoka, na kila akilisema hilo hutazama dirishani, kana kwamba moyo wenyewe umeketi huko nje kivulini. Miguu imevimba. Nikibonyeza kifundo kwa kidole, shimo hubaki pale pale kama kwenye donge la unga. Nanuka dawa ya kuchua. Mikono yatetemeka hata kahawa yote huishia kifuani. Najitia kinyaa, Athmani, wala sisemi ili unionee huruma. Zainabu amenitoa nyumbani kwangu akanilaza katika chumba chako cha mbele, juu ya kitanda chako. Dada yangu hakuona haya. Alisema mume amekufa, kaka hajafa, na kitanda ni kitanda. Kila nikifumbua macho naiona ile ndoano ukutani ulikokuwa ukitundika mfuko wako wa fimbo za gofu. Ndoano iko tupu. Fimbo amezichukua Mutiso.

Mutiso unamjua, yule mtu wa Machakos wa mapokezi ya hoteli, uliyemfundisha mchezo ukamwita mwanangu. Alikuja matangani akalia kweli, akalia kuwapita wajomba zako, na Zainabu akampa fimbo zako kwa mkono wake. Sikukataa. Eda ilipokwisha nikamwomba Mutiso anipeleke uwanjani nikauone tena kabla miguu haijakatalia kabisa.

Uwanja ni ule ule. Nyasi za rangi ya mkeka uliochakaa, mbuzi wa watu, na ile miviringo ya mchanga kuzunguka kila shimo, mchanga uliomwagiwa mafuta machafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Kunguru bado waiba mipira wakidhani ni mayai. Zamani harufu ya mafuta yale ilinifurahisha, ikawa kama harufu ya chakula kwa mwenye njaa. Safari hii ilinipanda puani nikatafuta pa kutemea mate.

Na nilichokiona ni hiki. Wageni wa hoteli, wekundu kwa jua, wamepangwa safu moja, miguu mitupu, kila mmoja juu ya mkeka. Matumbo wazi. Mikono imekunjwa. Vichwa chini. Mutiso anapita nyuma yao kama nyapara akipiga kelele kwa Kiswahili, maana amegundua kuwa Kiswahili chawapendeza zaidi: "Kichwa chini! Macho pale pale! Nia ni moja!"

Maneno yako, mwamu. Yote.

"Shikamoo, mzee! Si unaona? Hii kitu ya marehemu nimewafunza Wajerumani. Wanaipenda ajabu! Kuna mmoja hata usingizi amepata."

Nikamwuliza, "Hiyo mikeka umeitoa wapi?"

"Ya hoteli, mzee. Mkeka ni mkeka."

Bibi mmoja wa Kijerumani, kwa kuniona na kofia na kanzu, akanigeukia akainama mpaka mgongo ukanyooka, rukuu kamili, akiwa nusu uchi. Nikamwambia Mutiso anirudishe nyumbani. Akadhani jua limenizidi. Hata sasa nikimkumbuka bibi yule nakereka.

Lakini kilichonikera si yeye peke yake. Ni kwamba sikuwa na haki ya kukasirika. Wale wanasimama kama katika sala huku nia yao ni gofu. Na mimi je?

Turudi mwanzo, hata kama waujua.

Ulipomwoa dada yangu ulinikuta na ugonjwa ambao kila msikiti wa pwani una mtu wake mmoja anayeugua. Nasimama nyuma ya imamu, natia nia, nainua mikono, nasema Allahu Akbar, na kabla mikono haijashuka moyo unaniambia: nia haikutimia, umeitia nusu. Naanza upya. Nayo haikutimia. Imamu amekwisha rukuu, amekwisha sujudu, mimi bado niko mlangoni nabisha hodi. Kutawadha kwangu kulikuwa ni kuosha na kuosha mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Nilikuwa mwalimu mkuu, naogopewa na shule nzima, na msikitini wakaniita Mwalimu Rudia. Walidhani silisikii jina hilo.

Wewe hukuwa na staha. Shemeji hana haja ya staha. Tulipotoka Alasiri moja ulinishika bega mbele ya watu: "Yakhe mwamu, Mungu amekwisha kukusikia. Wewe ndiye hujajisikia." Watu wakacheka, nami nikataka kukupiga kwa kiatu. Ukacheka nao, kisha ukaninong'oneza: "Njoo nikutibu."

Dawa ilikuwa gofu. Nilidhani unanidhihaki. Wewe ulikuwa msimamizi wa barabara, mtu wa lami na kokoto, uliyejifunza mchezo kwa kuwatazama Wazungu wa wilaya wakati ukiwatengenezea njia ya kuingilia uwanjani, na ulipopata ruhusa ya kuingia kama mwanachama uliingia na kofia yako ya kufuma kichwani. Ukaniambia hakuna mchezo wa wasiwasi kama huu. Mpira umekaa kimya. Haukukimbii. Hakuna akusukumaye. Ukiukosa, umekosa mwenyewe na moyo wako.

Nilikosa sana. Fimbo ilichimba udongo nyuma ya mpira, na mpira ukabaki ukinitazama. "Umelima, mwamu," ukasema. "Sasa panda muhogo."

Halafu ukanifunza kwa njia ambayo ningeielewa. Miguu isimame kama katika safu, upana wa mabega, magoti yasikazwe. Fimbo ishikwe kama kikombe cha kahawa kisicho na mkono: ukikaza utaungua, ukilegeza utamwaga. Macho yabaki mahali pa kusujudia. Nia uitie mara moja, kabla ya kuinua mikono, na ikishatiwa imetiwa. Anayerudia nia hasali, anabishana. Pumzi itoke taratibu, urefu wa takbira, na fimbo ishuke ndani ya pumzi hiyo. Mwili uzunguke wenyewe, kiuno kitangulie, mabega yafuate, mikono ije mwisho kama wageni. Na kichwa? Hapo ndipo uliposema neno ambalo sijalisikia kwa mtu mwingine: "Katika salamu kichwa chageuka na mabega yatulia. Katika gofu mabega yageuka na kichwa chatulia. Ndiyo tofauti pekee."

Kichwa ndicho kilichonishinda. Kila mara, kabla fimbo haijagusa mpira, nilikwisha inua uso kutazama umekwenda wapi. "Una roho ya kuchungulia," ulinikemea. "Mpira haujaondoka, wewe umekwisha kwenda kuupokea. Utaupokeaje usiyeutuma?"

Ikaja siku ikatulia. Sikufanya lolote jipya. Nilitia nia, nikatoa pumzi, nikaona nyasi mahali palipokuwa na mpira, na nikaendelea kuzitazama nyasi. Sikuona ulipokwenda. Wewe ndiye uliyeona, ukapiga ukelele ukawatimua kunguru mtini. Ndani yangu palikuwa kimya, Athmani, kimya ambacho nilikitafuta misikitini tangu ubarobaro wangu nisikipate.

Jioni hiyo hiyo, Magharibi, nikasimama ubavuni mwako. Nikatia nia. Nikainua mikono mara moja, nikafunga. Ugonjwa umekwenda. Ulinikanyaga kidole cha mguu kidogo kwa furaha, na baada ya salamu ukanipa mkono huku macho yako yamelowa. Mtaa mzima ukajua kuwa Mwalimu Rudia amepona, na aliyemponya ni shemejiye.

Sasa nisikie. Niliposimama pale sikuwa msikitini. Nilikuwa kwenye shimo la pili, penye mkwaju, nikiupiga mpira ule ule tena. Imamu alisoma, nami nikatoa pumzi. Nilitazama mahali pa kusujudia nikaona nyasi. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto kama inavyotakiwa, nami nikawa nawaza kwamba huu ni mshiko wa mtu wa mashoto, utapeleka mpira baharini. Haya niliyawaza katika Alhamdu. Na nilitulia! Nilitulia kama mlingoti, kwa sababu ukitikisika mpira hupotea.

Sala iliyofuata vivyo hivyo. Na iliyofuata. Miaka, mwamu. Nimezunguka uwanja ule katika Alfajiri, katika Isha, katika tarawehe. Katika tarawehe nilimaliza mashimo yote nikaanza tena. Katika sala ya jeneza lako nilikusudia kukuombea, wallahi nilikusudia, na takbira ya tatu ikanikuta nachagua fimbo.

Na watu waliniona mtulivu, macho chini, sitikisiki. Wakasema: mtazameni Mwalimu, ule ndio unyenyekevu wa sala. Walinitanguliza safu ya kwanza. Wakaanza kuwaelekeza wenzao wasimame kama mimi. Kila neno la sifa lilinishuka tumboni kama mafuta ya samaki.

Ramadhani iliyopita Maalim Twaha, imamu wetu mpya, kijana mzuri, msafi, mwenye kuamini kila kizuri anachoambiwa, alikuja hapa kitandani. Aliniomba nitoe darsa moja baada ya Alasiri, juu ya kuhudhurisha moyo katika sala. Nikakataa. Akasema ni kwa thawabu ya marehemu Athmani, aliyenitibu. Zainabu akaingilia kutoka mlangoni: "Utazungumza, kaka. Yeye angefurahi." Na mimi nikakubali, kwa kuwa nilikwisha amua. Nitawaambia. Nimekaribia safari, sitaki kwenda nikiwa nimebandikwa jina la mtu mwingine.

Walinibeba mpaka mbele, wakaniweka kitini. Wao wamefunga, midomo imekauka. Mimi nimetoka kunywa uji nyuma ya pazia, maana siruhusiwi kufunga, na ladha ya uji ule bado ilikuwa ulimini. Nikawaambia kila kitu. Shimo la pili, mkwaju, mshiko, tarawehe. Nikawaambia, mtu mliyemtanguliza mbele hajasali. Amecheza gofu juu ya miswala yenu.

 Nikadhani sasa watasimama waondoke mmoja mmoja. Nikawa tayari. Nilikuwa na furaha, hebu fikiri.

Maalim Twaha akafuta machozi. "Mmesikia?" akasema. "Wachamungu wa zamani ndivyo walivyokuwa wakijidharau."

Nikasema sijidharau, nasema kweli. Nikapandisha sauti: "Nilikuwa gofuni, enyi watu!" Wakacheka kwa mapenzi, kama mtu anavyomchekea babu yake. Mmoja akasema, "Mashaallah, ametupigia mfano." Mwingine akauchukua mkono wangu huu unaotetemeka akaubusu, wakafuata wengine, na mate yao yakabaki juu ya ngozi.

Niliwachukia, Athmani. Nilichukia ndevu zao na manukato yao. Nilirudi nyumbani nikauosha mkono ule, nikauosha tena, nikaona sijauosha vizuri, nikaanza upya. Na hapo nikaelewa ninafanya nini. Ugonjwa wa kwanza ulikuwa umerudi na kukaa ubavuni mwa wa pili.

Zainabu alikuwa jikoni akikoroga mbaazi za futari. Alikuwa amesikia darsa yote upande wa wanawake. Hakugeuka. Akasema, "Kaka, na wewe ulidhani uko peke yako huko?"

Nikamwuliza wapi.

"Huko kwenye mkwaju." Akaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, akakumbuka saumu yake, akautema. "Mimi nimesali nyuma ya Athmani humu ndani tangu aliponioa. Mtu aliye nyuma huona visigino. Mwenzio alikuwa akisimama sawa, kimya, mzuri wa kutazamwa, halafu kisigino cha kulia chainuka. Taratibu. Goti lamsogelea mwenziwe. Kisha chashuka. Nikajua huyo, mpira umekwenda. Na siku nyingine akitoa salamu amenuna, hasemi na mtu. Nikajua umeingia kichakani."

 Nikamwuliza kwa nini hakukuambia.

"Nimwambie nini? Mimi mwenyewe nyuma huko nilikuwa nikiwaza mbaazi zisiungue."

Nilikuchukia usiku ule na kesho yake mchana kutwa. Tabibu mwenye kikohozi kile kile! Uliniingiza kisimani ambamo wewe mwenyewe ulikuwa ukielea, ukanipa mkono nikafikiri unanitoa. Nililala kwenye kitanda chako nikakionea kinyaa. Nikaikumbuka ile Magharibi, kidole changu ulichokikanyaga, macho yako yaliyolowa, na nikaona nayo ni uongo, kicheko cha mchezaji aliyepata mwenzake.

Kisha siku zikapita na kile kisigino kikakataa kuniondoka akilini. Wewe uliyenifunza kutulia ulikuwa ukijua unatikisika. Mguu ni wako, haiwezekani usijue. Na kama ulijua, yale machozi yalikuwa ya nini? Sasa nafikiri hivi, na unirekebishe nikija: ulidhani mimi nimefika. Ulidhani dawa iliyokushinda wewe imenishika mimi, kwamba katika nyumba hii angalau mmoja anasimama mbele ya Mola wake bila fimbo mkononi. Ulinilia wivu, mwamu, ukafurahi vilevile. Na mimi nikakuacha ukafa ukiamini. Hilo ndilo nililotaka kukuambia. Sikuwa nimefika. Tulikuwa wawili kwenye mkwaju, kila mmoja akidhani mwenzake yuko Makka.

Sitaki kuligeuza jambo hili liwe tamu. Bado lanichukiza. Mutiso bado anawapanga watu wake juu ya mikeka, nami nimemwita aje kesho kutwa. Sitamgombeza, nitamwambia tu awaondolee mikeka awaache kwenye nyasi, na kwamba neno la nia si lake wala si lako wala si langu. Maalim Twaha bado ananiletea watu wa kuniona. Nimekataa kubusiwa mkono. Nausingizia upele.

Lakini liko moja la leo.

Alfajiri nimesali kitini. Siwezi kusimama tena. Nikatia nia, nikainua mikono, ikapanda mpaka mabegani ikitetemeka, na kama desturi nikaenda mkwajuni. Nikaishika fimbo. Ikaanguka. Hata kule, katika fikira, vidole vilikataa. Niliiokota ikaanguka tena. Magoti hayakuwepo. Kiuno hakikuzunguka. Basi nikabaki nimekaa, mzee ananuka dawa, bila mpira, bila nyasi, na sina pa kwenda. Niliogopa. Niliogopa sana, na katika hofu ile nikasema "Wewe tu tunakuabudu" na kwa mara ya kwanza nikasikia ni nani ninayemwambia.

Haikudumu. Unajua kwa nini haikudumu? Kwa sababu papo hapo nikainua kichwa nitazame. Nikajiambia: je, huu ndio unyenyekevu wenyewe? Ndio huu aliousema Athmani? Na ukatoweka, nikabaki na kiti.

Roho ya kuchungulia.

Basi kwaheri, mwamu. Hakuna aliye hai anayenijua kama unijuavyo wewe, na hilo peke yake lanifanya nisichukie kuja. Mutiso akae na fimbo. Nitakapolazwa kwa ubavu wa kulia na udongo ukawekwa, natumaini nitakuwa karibu nawe, maana nimeomba hivyo. Hadi hapo nakuahidi jambo moja tu, na silirudii: takbira iliyobaki, moja au nyingi, sitatazama inakwenda wapi. Nia imetiwa. Pumzi itoke. Na wewe, ukisikia miguu yangu inakaribia, nakuomba usiniite jina, nisije nikainua kichwa.

Mwamu wako,
Badi